Jozani Kabla ya Saa Nne

Ukitaka kumpeleka mtoto wa darasa la pili msituni, mpeleke asubuhi. Mabasi mengi ya skuli ninayopishana nayo katika barabara ya Paje huwa yanakwenda msitu wa Jozani wakati sisi tunarudi mjini. Watoto wameimba mpaka sauti zimekauka, sambusa zimekwisha njiani, jua liko utosini, na kima punju wenyewe wamejinyoosha juu ya matawi, matumbo yamejaa majani, hawana habari na mtu. Mtoto anashuka, anaoneshwa mkia unaoning'inia, anaambiwa "yule pale," kisha anapakiwa tena kwenye basi kwenda kuogelea. Jioni mama yake akimuuliza ameona nini, anajibu kwamba ameona bahari. Bahari ambayo iko nyuma ya skuli yake.

Mimi nasomesha darasa la pili katika skuli moja ya mjini Unguja. Wanafunzi wangu wana miaka saba na minane, na wamezidi 50 katika chumba kimoja. Wengi wanatoka Kikwajuni, Miembeni, Michenzani na vichochoro vya Mji Mkongwe. Dar es Salaam wamekwenda kwa boti, tena zaidi ya mara moja, lakini Jozani, kiasi cha kilomita 35 tu kutoka mjini, wengi hawajafika. Siku nilipotangaza safari, msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kule si kwa watalii? Sisi watatukubali?"

Swali lile ndilo lililonipangia safari. Niliamua kwamba kila tutakachokitazama kule kiwe na mguu mmoja nyumbani kwao, yaani kitu wanachokila, wanachokichezea, wanacholala chini yake. Visivyokuwa na mguu huo tungevipita. Mtoto wa miaka minane akioneshwa vitu ishirini kwa asubuhi moja, hakumbuki hata kimoja, na ukimtajia majina ya Kilatini ndiyo kabisa umemfukuza.

Kwa hiyo tulianzia uani. Pana mkungu mkubwa pale, kama ilivyo katika skuli nyingi za Zanzibar, na watoto wanaujua kwa manufaa yake. Kungu zikidondoka huzigonga kwa jiwe wakala kiini. Niliwauliza nani mwingine anakula katika mti huu. Wakasema popo. Kunguru. Mbuzi wa jirani, anayeokota majani chini. Nikaandika majina yote ubaoni na mwisho wake nikaacha nafasi tupu. Nani wa hapo, watamjua Jozani.

Siku ya safari naichagua kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya skuli, nayo haina mjadala. Ya pili ni ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katika pwani zetu, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kiasi cha saa nne asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Ukienda Jozani tarehe za mwanzo wa mwezi wa Kiislamu, au karibu na tarehe 15, utafika mikokoni matope yakiwa wazi na mizizi yote nje. Mtoto mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa Malindi aliliambia darasa kwamba bamvua yenyewe haiji siku ileile ya mwezi mpevu, huchelewa siku moja au mbili. Ni kweli, na wenzake walimtazama kwa heshima ambayo sijaona wakimpa kwa hesabu zake.

Halafu kuna chuo. Baada ya adhuhuri watoto hawa wana madrasa, na ustadhi hakubali udhuru wa kima. Safari inayoondoka saa moja kasorobo na kurudi saa saba inawatosha wote, mwalimu wa skuli, mwalimu wa chuo na mzazi. Kinamama watano walijitolea kuja nasi, kila mmoja na kikundi chake. Tuliwaomba wazazi viatu vya kufunika vidole, maji ya kunywa, maandazi au mayai ya kuchemsha, na vyote vitiwe kwenye kikapu au chombo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini siku ya safari za skuli utashangaa inatokea wapi.

Tulipita Mwanakwerekwe soko likiwa linaanza kuchangamka, tukapita Tunguu, na saa mbili tulikuwa langoni.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Ndani yake pana msitu wa maji ya chini kwa chini, pana vichaka vya maweni, na pana mikoko. Hayo niliwaambia watoto kwa sentensi moja wakiwa bado garini. Mengine nilimwachia mwongozaji wetu, mzee wa kijiji jirani ambaye watoto walianza papo hapo kumwita Babu. Aliwakalisha chini, akangoja mpaka wakanyamaza bila ya kuwaamrisha, akasema:

"Wajukuu zangu, hapa sisi ndio wageni. Mgeni hapigi kelele nyumbani kwa watu. Hagusi vitu vya watu. Na hali chakula mbele ya mwenyeji bila ya kumkaribisha, na huyu mwenyeji wetu hatumkaribishi. Chakula kibaki garini."

Mtoto mwenye mafua alitakiwa akae nyuma kabisa ya wenzake, kwa sababu maradhi ya binadamu yanaweza kumwingia kima. Wengine waliambiwa wasimkaribie kima kwa chini ya mita tatu. Sharti hili la pili ni gumu kulitimiza, kwani kima wa mashamba yaliyo karibu na lango wamezoea watu na wao hawakuambiwa habari ya mita tatu. Tuliwakuta chini kabisa, kwenye vichaka, wakichuma majani machanga. Mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, uso mweusi wenye pua na midomo ya waridi, na nywele nyeupe zimetimka kuzunguka kichwa. "Huyu kaamka sasa hivi," alinong'ona msichana mmoja, "hajachana."

Tulikaa na kundi lile moja tu. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa walimu wenzangu, na najua waongozaji wengine hawaupendi kwa sababu wamezoea kuwapitisha wageni haraka. Mwambie mwongozaji mapema kwamba hamtaki kuzunguka. Dakika tano za mwanzo watoto watacheka na kusukumana. Baada ya hapo wanaanza kuona.

Wa kwanza kuona alikuwa mvulana ambaye darasani hanyooshi mkono. "Mwalimu, hana gumba!"

Kweli. Kima punju ana vidole vinne virefu, na mahali pa dole gumba pana kijivimbe tu. Nikawaambia watoto wakunje gumba zao ndani ya kiganja wajaribu kufunga kifungo cha shati. Hakuna aliyeweza. Kisha nikawaambia wajaribu kuning'inia kwa vidole vinne kwenye mkono wa mmoja wa kinamama walioandamana nasi, ambaye Mungu amemjaalia nguvu na uvumilivu. Wakaweza. Anayeishi kwa kurukia matawi hahitaji kufunga vifungo.

Kutoka mkononi tulihamia tumboni. Tumbo la kima punju limegawanyika vyumba, na ndani yake wamo vijidudu wanaovundisha majani mpaka yatoe lishe. Ndiyo maana mchana utamkuta amelala, kwani ana kazi ndani. Matunda mabivu yenye sukari nyingi hayamfai, humvuruga tumbo. Matunda akila, hula mabichi. Kwa hiyo ndizi mbivu ambayo mgeni anamrushia kwa ukarimu ni madhara matupu. Watoto walilipokea hili vizuri sana, kwa sababu kila mmoja wao ana hadithi ya siku aliyokula utamu mwingi Sikukuu.

Kisha Babu akainama, akaokota kipande cha mkaa pembeni ya shamba. "Na hiki anakula."

Hawakuamini. "Babu, na yeye ana jiko?"

Kima punju wa Jozani wanakula mkaa. Huuokota penye visiki vilivyoungua na penye matanuri ya wachoma mkaa. Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili mwaka 1997. Kima wanaoishi mashambani hula sana majani ya miti iliyopandwa na watu, hasa mwembe na mkungu. Majani hayo yana lishe nzuri lakini yana sumu pia, na mkaa unaifyonza sumu ile kabla haijamdhuru. Hospitali nazo hutumia mkaa uliotengenezwa maalumu kwa baadhi ya watu waliokula sumu. Mtoto hujifunza tabia hii kwa kumtazama mama yake.

Nikaliacha neno mkungu lielee hewani kidogo. Haikuchukua muda. "Mwalimu! Mkungu! Wa uani!" Ile nafasi tupu ya ubaoni ilikuwa imepata mwenyewe, na nusu ya darasa walikuwa wakitaka kujua kama kima anaweza kuletwa skuli.

Ndipo tulipozungumza habari ya mkaa wa nyumbani. Nani kwao wanapikia mkaa? Mikono mingi. Unatoka wapi? Dukani. Na dukani unatoka wapi? Hapo kimya. Babu akawaonesha kwa mkono upande wa maweni, vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, ambavyo hukatwa kuni na kuchomwa mkaa kwa ajili ya mjini. Hakuwalaumu. Alisema tu kwamba kichaka kile kikikatwa hukawia sana kurudi, kwa sababu udongo wake ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Mimi pia sikuongeza neno. Mtoto wa miaka minane hanunui mkaa, na sioni haki ya kumtwisha hatia ya jiko la mama yake.

Kuna jambo ambalo watoto walikuja nalo kutoka nyumbani, na nilifurahi lilipojitokeza. Mmoja alisema bibi yake wa Makunduchi amemwambia kima punju ana nuksi, akikaa kwenye mti mti hukauka, na akiingia kwenye minazi hakuna nazi. Imani hii ni ya zamani. Wakulima wa kusini wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi, na si kwamba wanasema uongo. Kima kweli anakula nazi. Lakini anachokula ni vidaka, vile vidogo kabisa, kabla havijawa vitale, sembuse dafu. Na mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi, hata pasipo na mnyama yeyote. Kirstin Siex na Struhsaker walifanya utafiti katika minazi ya kandokando ya Jozani na kuuchapisha 1999, wakakuta kwamba mavuno ya nazi hayakupungua mahali kima walipokula vidaka zaidi. Yaliongezeka, pengine kwa sababu minazi ilipunguziwa mzigo mapema. Babu alilieleza hilo kwa ufupi zaidi kuliko mimi: "Anapogolea." Kisha akaongeza kwamba kwenye migomba na mbogamboga mambo ni mengine, na kwamba sehemu ya mapato ya utalii huenda kwa vijiji na kwa wakulima ambao mazao yao huliwa. Nilimshukuru kwa uungwana wa kusema pande zote mbili. Nilimwomba mtoto yule akamsimulie bibi yake habari ya vidaka, kwa adabu, na amuulize yeye ameona nini shambani kwake.

Idadi niliitaja mwishoni, kwa sababu watoto wanapenda namba kubwa. Kima punju wa aina hii hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Unguja, na wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Sayansi ilimpa jina mwaka 1868, jina la John Kirk, daktari Mwingereza aliyekuja kuwa balozi mdogo hapa, ingawa wazee wetu walikuwa na jina lao siku nyingi. Hesabu ya kisiwa kizima iliyofanywa na watafiti wa Wildlife Conservation Society, ambayo matokeo yake yalitolewa 2019, ilikuta kima zaidi ya 5,800. Ni wengi kuliko ilivyodhaniwa kabla, na ni habari njema. Lakini wote kwa jumla, wazee na wachanga, hawajazi nusu ya Uwanja wa Amaan. Mvulana mmoja, mshabiki wa mpira, alisikitika kweli. "Yaani hata nusu?"

Chui? Kila mara yupo mtoto anayeuliza chui. Chui wa Unguja yumo makumbusho, amekaushwa, na wataalamu wengi wanaamini kwamba porini ameshatoweka. Hilo tulilipita haraka, maana likianza hadithi za chui wa kufugwa na wachawi, siku imekwisha.

Ndani ya msitu wa mitondoo na mikindu hatukukaa sana. Pana giza kidogo, pana unyevu, na masika maji husimama mpaka juu ya miguu. Niliwakalisha wanyamaze, kila mmoja ahesabu kwa vidole sauti anazozisikia. Wa mjini hawa, sauti ya kwanza waliyoitaja karibu wote ilikuwa gari. Barabara ya Paje inapasua eneo la kima, na kabla ya kuwekwa matuta waligongwa wengi. Matuta yamepunguza vifo ila hayajavimaliza. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mumewe ni dereva na huyalalamikia matuta yale kila siku. "Leo nitamwambia."

Ilipokaribia saa nne tulivuka kwenda mikokoni, upande wa Pete, kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya matope. Hapa ndipo ningependa kila mwalimu atumie muda wake mrefu. Kima ni kivutio, lakini kwa mtoto mfupi wa darasa la pili mikoko ndiyo inayolingana na kimo chake. Kila kitu kiko chini, karibu na macho, na hakikimbii.

Kwanza harufu. Walishika pua wote kwa pamoja. Nikawaambia wavute tena, wanifananishie. Yai bovu, wakasema, na ndivyo hasa, kwa sababu matope yale hayana hewa ndani, na vijidudu waliomo humo hutoa gesi ileile ya yai lililooza. Sasa, mti utapumuaje kwenye matope yasiyo na hewa? Watoto wakatazama chini, na jibu lilikuwa limesimama mbele yao. Mchu hutoa vijiti kutoka kwenye mizizi, mamia kwa mamia, vikichungulia juu ya matope kutafuta hewa. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kutoka shinani, imejaa vitundu vya kupitisha hewa, na hauanguki hata maji yakija kwa nguvu. Maji yakijaa vijiti vya mchu vinafunikwa, yakikupwa vinapumua. Ndiyo maana ya kusumbuka na kalenda.

Pili, chumvi. Babu alichuma jani moja la mchu, akawapitishia wa mbele, akawaambia walambe upande wa chini. Nyuso zikakunjamana. Mchu hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwenye majani, na jua likiwaka utaiona kwa macho, punje nyeupe. Miti mingine ya mikokoni huizuia chumvi isiingie tangu mizizini. Mtoto wa mvuvi aliuliza kwa nini basi mnazi wa ufukweni hautoi chumvi. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, nikaliandika swali lake kwenye daftari langu, na hilo lilimfurahisha kuliko jibu lolote.

Tatu, watoto wa mti. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mama yake. Inashuka chini kama fimbo ya kijani, ndefu kuliko mkono wa mtoto, na ikishakomaa inaachia. Ikidondoka maji yakiwa yamekupwa huchomeka matopeni papo hapo. Yakiwa yamejaa, huelea na kwenda zake, ikatua mbali. Tuliona zimechomeka pale chini za rika mbalimbali, nyingine zina majani mawili, nyingine manne. Watoto walitaka kupanda. Niliwaambia leo hapana, na nasema hapa kwa nini. Siku hizi imekuwa desturi kuwapeleka wanafunzi kupanda mikoko kwa ajili ya picha na bango, na mara nyingi miche huchomekwa popote penye matope, hata mahali ambapo mikoko haijawahi kuota. Kila mti una kimo chake cha maji. Ukiupanda chini mno unakufa, na watoto wanabaki na picha ya kazi iliyokufa. Wenyeji wa vijiji vya mikokoni wanajua upi uende wapi. Mwalimu akitaka kupanda, aanze kwao.

Chini ya mbao kulikuwa na kaa wadogo, madume yao na gando moja kubwa kupita mwili, wakiliinua na kulishusha. Kikundi kimoja hakikutaka kuondoka hapo. Mama yao aliniashiria kwamba anabaki nao, nami nikamwachia. Wengine waliendelea, wakajifunza kwamba kamba na samaki wengi wachanga hukulia kati ya mizizi ile, wakila na kujificha, kabla ya kwenda baharini. Kamba wanamjua. Wamemla kwa wali wa nazi.

Na hapo, juu ya njia ya mbao, nikawauliza walalapo usiku wanaona nini darini. Watoto wa Mji Mkongwe wakajibu: boriti. Wa Michenzani wakasema zege, kwani nyumba zao zilijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na kwa kweli walijisikia wameachwa. Boriti zile ni mikoko. Miti ya mikokoni ni migumu na mchwa hawaiwezi kirahisi, ndiyo maana imebeba dari na sakafu za majumba ya mawe kwa mamia ya miaka. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba. Majahazi yaliipakia miti hii na kuipeleka Arabuni na Ghuba, kwa watu waliokuwa na mawe tele na wasio na miti. Ndani ya hifadhi leo hairuhusiwi kukata. Msichana aliyeniuliza kama tutakubaliwa aliushika mkoko mmoja, akautazama juu, akasema kwa utulivu kabisa, "Kumbe kwetu mko sita." Alikuwa anahesabu boriti za chumba chao.

Tulirudi skuli saa saba na robo. Kesho yake sikuwapa insha. Mtoto wa darasa la pili akiandikishwa insha ya safari ataandika jina la basi na alichokula. Niliwapa karatasi wachore mkono wa kima na mkono wao, ubavu kwa ubavu, kisha kila mmoja anieleze kwa mdomo. Nyumbani, wazazi waliniambia, waliulizwa juu ya dari, juu ya mkaa, na baba mmoja aliambiwa na mwanawe apunguze mwendo akifika Jozani ingawa yeye ana baiskeli.

Msomaji wa mbali na Unguja asidhani habari hii haimhusu. Aliye Kwale ana mikoko ya Gazi, ambako kinamama wamejenga njia yao ya mbao, na mradi wa Mikoko Pamoja unauza hifadhi ya hewa ya ukaa na kusaidia skuli na maji ya kijiji. Aliye Nairobi ana Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 mpaka ukabaki msitu. Aliye Tanga ana Amani, yenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Yote hayo yanafikika kwa basi la kukodi, na yote yana miti ambayo imo ndani ya nyumba za watoto kwa namna moja au nyingine. Kazi ya mwalimu ni kuitafuta kabla ya safari.

Walimu wakuu, nawaomba hili. Skuli nyingi huweka safari ya namna hii kwa darasa la mwisho, kama zawadi ya kumaliza. Pelekeni wa pili na wa tatu, ambao bado wanaona aibu kidogo na bado wanauliza. Futeni ufukwe kwenye ratiba, pesa ya mafuta itapungua. Kodini basi lisilo na muziki, tazameni mwezi, na muwe langoni saa mbili.